Mifuko ya turubai ya benki za miji midogo Marekani: wanaoikusanya tukutane hapa (na usiifue!)

Dereva wa I-80 (mleta uzi)

Wakuu, habari za mchana. Kwa mlio huku kwetu, habari za usiku.

Naendesha lori. Njia yangu kubwa ni I-80, barabara kuu ya huku Marekani: Omaha, Des Moines, mpaka kule Chicago na kurudi. Miaka minne sasa nina ugonjwa mmoja ambao mke wangu ameshaupeleka kanisani uombewe mara mbili. Nakusanya mifuko ya benki. Narudia, mifuko, siyo hela. Ile ya turubai ambayo mwenye duka alikuwa anatia mauzo ya siku, anapiga kufuli, anapeleka benki. Ina jina la benki na jina la mji, mingine mpaka namba ya simu. Leo ninayo 61.

Ilianza hivi. Nilipaki mji mmoja mdogo Nebraska nikisubiri mzigo. Mtaa wa pili palikuwa na mnada wa vitu vya nyumba ya mzee aliyefariki. Nikaenda kupoteza muda. Kwenye meza ya gereji kulikuwa na spana za zamani zimejaa ndani ya mfuko mchafu, mweusi kwa grisi. Kijana aliyekuwa anauza akanitajia bei ya spana. Nikamwambia spana baki nazo, nauliza huo mfuko. Akanitazama kama mtu anayenunua ganda la ndizi na kuacha ndizi. Dola tatu.

Nilipoufikisha mwanga wa taa ya lori nikasoma: First National Bank, jina la ule ule mji niliopaki, halafu chini yake simu yenye tarakimu tatu tu. Tatu! Nikatoka nikauliza benki iko wapi. Ilishakufa zamani. Jengo lipo pale kona, la mawe, nguzo mbili mbele, ndani wanauza piza.

Sasa sehemu inayouma. Nilipofika nyumbani nikautia kwenye mashine ya kufulia, maji ya moto, na nikamimina jiki ili uwe mweupe. Ukatoka mweupe kweli. Maandishi nayo yakawa meupe. Na ukasinyaa mpaka zipu ikajikunja kama mgonjwa wa tumbo. Nimeuhifadhi hivyo hivyo, uko ukutani, namba moja. Ni adhabu yangu.

Kama kuna mwenzangu humu mwenye ugonjwa huu ajitokeze. Picha nitaweka nikifika nyumbani.

---

Mtoto wa Mbagala

Yaani mtu unavuka bahari unaenda kununua mifuko ya benki. Tena mitupu. Tungeelewa basi kama ingekuwa imejaa.

---

jicho_kavu

Uzi bila picha ni soga. Nimekaa pale nasubiri.

---

Mkamba wa Minnesota

Hatimaye! Nilidhani niko peke yangu. Mimi ni Mkenya, niko karibu na Minneapolis, nina mifuko 19, na yote ni ya kaunti tatu tu. Kila mtu na mpaka wake, mimi huo ndio wangu. Ukisema unakusanya ya Marekani nzima utalala njaa.

Wacha nieleze kwa wanaocheka, kwa sababu swali la kwanza huwa ni hili: mji wa watu 600 ulikuwa na benki yake kwa nini? Majimbo mengi ya huku kati yalikataza benki kufungua matawi, au yaliyabana sana. Benki ilikuwa jengo moja, mji mmoja, basi. Kwa hivyo kila mji uliokuwa na ghala la nafaka na kituo cha treni ulianzisha benki yake, na mara nyingi mbili, maana wale wasiopatana na mwenye ya kwanza walifungua ya pili ng'ambo ya barabara. Mwaka 1921 nchi hii ilikuwa na benki kama 30,000. Leo zimebaki chini ya 5,000.

Zilikufa kwa mafungu. Bei za mazao zilianguka baada ya Vita vya Kwanza, na benki za wakulima zikaanza kufunga milango hata kabla ya ule mdororo mkubwa. Halafu kati ya 1930 na 1933 zikaanguka kama 9,000. Machi 1933 Rais Roosevelt alipoapishwa tu, akafunga benki zote nchini kuanzia tarehe 6 ili watu watulie. Miaka ya 1980 wakulima walizama tena kwenye madeni na benki zikazama nao. Zilizobaki zilimezwa na kubwa, hasa baada ya sheria ya 1994 iliyoruhusu benki kuvuka mipaka ya majimbo.

Kila iliyokufa iliacha mifuko gerejini kwa watu. Ndiyo hiyo tunaokota.

---

Dereva wa I-80

Mkuu Mkamba karibu sana. Umenitoa upweke. Na picha nimeshaweka, jicho_kavu asilalamike tena.

Nimeulizwa inbox na watu watatu namna ya kujua mfuko ni wa lini, maana hauandikwi mwaka. Mimi huwa nausoma kama polisi anavyosoma leseni.

Jicho la kwanza liende kwenye herufi FDIC. Hiyo ni bima ya amana. Sheria yake ilipita 1933, na bima yenyewe ikaanza kufanya kazi Januari 1, 1934, ikimlinda mteja hadi dola 2,500. Mfuko wenye herufi hizo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, hata muuzaji aape kwa kaburi la bibi yake. Kukosekana kwake lakini hakuthibitishi chochote, wengine hawakujali kuziandika.

Halafu anwani. Namba ya posta yenye tarakimu tano ilianza Julai 1963. Ukiiona, mfuko ni wa hapo au baadaye. Na hapa kuna utamu kwa sisi wa Nebraska: mwaka huo huo majimbo yalipewa vifupisho vya herufi mbili, Nebraska ikapewa NB. Wakanada wakalalamika kwamba inagongana na jimbo lao la New Brunswick, na mwaka 1969 ikageuzwa kuwa NE. Kwa hiyo mfuko wenye "NB" umebanwa kwenye miaka sita tu. Ninao mmoja. Mmoja! Nikiamka usiku huwa naenda kuuangalia.

Simu ya tarakimu mbili au tatu ni dalili ya zamani, ingawa kuna miji ilichelewa kubadilika, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Zipu nayo inasema. Nyingi zangu zina neno Talon kwenye kishikio, kampuni ya Meadville, Pennsylvania, ambako Gideon Sundback alitengeneza zipu tunayoijua leo. Alipata hataza yake 1917. Mifuko isiyo na zipu hufungwa kwa kamba inayopita kwenye matundu ya shaba, hiyo ni ya sarafu zaidi.

Na ile yenye kufuli la chuma lililojengwa humo humo, yenye ulimi wa ngozi, itazame chini ya kufuli. Mara nyingi utakuta jina Rifkin, wa Wilkes-Barre, Pennsylvania. Hao wako kwenye kazi ya mifuko tangu 1892.

---

Mtoto wa Mbagala

Mimi nauliza tu kiungwana: huo wenye NB unauzwa bei gani?

---

Dereva wa I-80

Hauuzwi mkuu. Ila mfuko wa kawaida wenye jina la mji unaosomeka, ukienda mwenyewe mnadani ni dola tano mpaka kumi na tano. Kwenye maduka ya vitu vya kale yaliyo karibu na barabara kuu wanakupiga arobaini. Niliuza mmoja kwa dola 85, maana nilikuwa nao miwili inayofanana, lakini yule mnunuzi alizaliwa mji ule na baba yake alikuwa keshia wa benki ile. Alichokuwa ananunua siyo turubai.

---

Mtoto wa Mbagala

85???? Mkuu samahani kwa maneno yangu ya juu. Hapa Kariakoo nikishona mia moja nikaandika jina la mji unalotaka itakuwaje?

---

Mkamba wa Minnesota

Wamekutangulia ndugu. Feki zimejaa. Mimi mwenyewe nilipigwa mwaka wa kwanza. Nilinunua mtandaoni mfuko wa kampuni moja maarufu ya magari ya farasi, umeandikwa 1878, umechakaa vizuri kabisa, dola 60. Nikaupokea kwa furaha, nikaufungua kwa zipu. Nikakaa chini. Nikauliza: 1878, zipu ilitoka wapi? Mtu aliuchovya kwenye chai, akaukanyaga kanyaga, akaniuzia.

Kuna nyingine zinajifanya za kiwanda cha sarafu cha Carson City, Nevada. Kile kilipiga sarafu kati ya 1870 na 1893, na sarafu zake ni ghali, kwa hiyo jina linauza. Mifuko yake mingi inayozunguka ni ya maduka ya zawadi za watalii.

Wino wa kweli umezama ndani ya nyuzi, ukigeuza mfuko nje ndani unaona kivuli chake. Wa feki umekaa juu kama rangi ya kucha. Uchafu wa kweli unakaa panapostahili: kwenye mishono, kwenye pembe za chini, pale mkono uliposhika. Wa chai unaenea kote sawasawa. Na ukiona alama kubwa ya dola katikati ya tumbo la mfuko, kama kwenye katuni za wezi, weka chini uende zako.

Kinga nzuri kuliko zote ni umaskini wa jina. Hakuna anayeghushi mfuko wa Farmers State Bank ya mji wa watu 400.

---

Binti Mkunazini

Assalaam alaykum. Nimepita tu nikasoma, na mimi ni fundi wa kushona, Unguja mjini, basi naomba niseme langu.

Mleta uzi, unaita yote turubai, sivyo. Nimezikuza picha zako. Ule mgumu wenye kufuli ndiyo turubai. Ile laini ya zipu, inayokunjika mkononi, ni drili, tazama mistari yake inavyokwenda mshazari. Na ule wa kamba, mweupe, mwepesi, wa rangi ya maziwa yaliyolala... bwana wee, hiyo ni merikani!

Na mnajua kwa nini twaiita merikani? Kwa sababu ilitoka huko huko mliko. Sayyid Said aliwekeana mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaleta balozi wao mdogo hapa, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilikuja na majora ya pamba isiyotiwa rangi, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Ikaingia bara yote, mtu akilipwa, akilipwa kwa merikani. Ikitiwa nili, imekuwa kaniki. Ilipokuja vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, pamba ikakatika, na nguo za Kiingereza na za Kihindi zikashika soko. Jina lakini lilibaki.

Nebraska ilifanywa jimbo mwaka 1867. Bibi zetu walikuwa wameshaichakaza merikani.

Kwa hiyo kabla mfuko wako haujatiwa hela, kitambaa cha namna yake kwetu kilikuwa ndiyo hela yenyewe.

---

jicho_kavu

Huu uzi umenizidi. Nimeagiza chai.

---

Dereva wa I-80

Dada, nimesimama kituo cha mafuta Iowa nasoma huku mtu nyuma yangu anapiga honi. Asante. Kuanzia leo nitaandika kwenye daftari langu: turubai 22, drili 31, merikani 8.

---

Mzee wa Kaunta

Vijana, mimi si mtu wa mitandao, mjukuu ananisaidia kuandika. Nilianza kazi ya benki Moshi mwaka 1971, NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara. Ilikuwa na miaka minne tu tangu Serikali itaifishe mabenki, Februari 1967. Nilikuta bado tuna mifuko yenye majina ya mabenki ya zamani, jina limepigwa mstari kwa wino na herufi zetu zimeandikwa juu. Turubai nzuri haitupwi kwa sababu ya siasa.

Nataka kuuliza mnaokusanya. Sisi mfuko wa sarafu hatukuhesabu kila siku. Uliohesabiwa ulifungwa, ukatiwa lakiri na kikaratasi chenye jina la aliyehesabu. Kuanzia hapo ulipimwa kwenye mizani tu. Ukipungua, jina liko pale, huna pa kukimbilia. Huko Marekani utaratibu ulikuwaje? Mfuko ulibeba kiasi gani?

---

Dereva wa I-80

Shikamoo mzee. Hilo swali nilikuwa nalisubiri tangu nianzishe uzi.

Huku mfuko wa sarafu ulikuwa na kipimo kinachojulikana nchi nzima. Senti moja moja: dola 50, yaani sarafu 5,000. Senti tano: dola 200. Senti kumi, robo, nusu dola, na ile dola ya fedha, zote dola 1,000 kwa mfuko. Dola ya fedha ilikuwa gramu 26.73 moja. Elfu moja ni kilo karibu 27 bila mfuko wenyewe. Kwa hiyo zile filamu ambazo mwizi anaruka farasini na mifuko minne ya sarafu begani, mwambieni apunguze.

Lakini iliyo mingi kwangu siyo ya sarafu, ni ya wenye maduka. Duka linafungwa saa mbili usiku, benki ilishafunga mchana. Hela ukilala nayo ni balaa. Benki ikampa mwenye duka mfuko wenye namba na ufunguo wake. Akishafunga anahesabu, anajaza karatasi ya kuwekea fedha, anatia vyote ndani, anafunga, anaenda mpaka kwenye ukuta wa benki ambapo kuna mlango mdogo wa chuma. Anaufungua, anatumbukiza, mfuko unateleza mpaka ndani ya sefu. Njia yake imepindwa makusudi ili mkono au ndoano isifike. Asubuhi wafanyakazi wawili, kamwe si mmoja, wanafungua, wanaandika namba za mifuko kwenye daftari, wanahesabu pamoja.

Ule mji wa spana nilirudi mwaka jana. Nikala piza ndani ya benki. Nilipotoka nikapita ubavuni na mlango ule mdogo upo! Shaba, umepakwa rangi ya ukuta mara nyingi mpaka maandishi yamezama, lakini kidole kinayasoma. Mama mmoja mzee alikuwa anapita na mbwa, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia ukweli. Akasema baba yake alikuwa na duka la vifaa vya shamba, na yeye akiwa msichana ndiye aliyekuwa anatumwa na mfuko kila jioni, umefichwa chini ya mikate kwenye kapu. Namba yao ilikuwa 14. Akaniuliza kama mfuko wangu una namba.

Ungekuwa nayo. Iliandikwa kwa wino wa kalamu pale kwenye pembe. Niliifua.

---

Mkamba wa Minnesota

Aisee. Pole.

---

Binti Mkunazini

Maskini. Mie kama fundi nakupa dawa kwa iliyobaki: brashi laini, kavu. Utandaze kivulini upate upepo siku mbili tatu. Usianike juani, jua linakula wino. Usiutie mfuko wa plastiki, pamba itatoa jasho ishike koga. Nondo msimwogope, huyo hula sufu, pamba haitaki. Adui wenu ni panya na kutu ya matundu, kutu ikigusa kitambaa kila mwaka inapanuka. Weka karatasi katikati.

---

Mkamba wa Minnesota

Naongeza moja kwa wanaoanza. Tazama kama jina lina neno "National". Benki yenye neno hilo ilipewa leseni na serikali kuu chini ya sheria za 1863 na 1864, na kila leseni ina namba. Zilizotolewa hadi 1935 zinapita 14,000, na kwa sababu nyingi ya benki hizo zilitoa noti zao wenyewe zenye jina la mji, wakusanyaji wa noti wameshaziorodhesha zote. Unatafuta mji, unapata namba, mwaka ilipofunguliwa na ilipofungwa. Nusu ya kazi wameshakufanyia. Na hao hao watu wa noti ndio wanunuzi wetu wakali, maana mwenye noti ya mji wake anatafuta na mfuko wa kuilaza.

Hizi za "State Bank" inabidi uende magazeti ya zamani na maktaba ya kaunti. Mimi huko ndiko napotelea Jumamosi zangu.

---

Mtoto wa Mbagala

Mimi swali la mwisho. Benki ambayo bado ipo hai, ukakuta mfuko wake unauzwa, siyo wizi huo?

---

Dereva wa I-80

Swali zuri, na umenishangaza. Mingine imeandikwa kabisa kwamba ni mali ya benki fulani. Mimi kama benki iko hai huwa napiga simu, naeleza nilipoupata. Nimepiga mara tano. Wanne walicheka wakasema kaa nao. Wa tano akaniambia nisubiri, akaenda stoo, akarudi akasema wana boksi zima hawajui walipeleke wapi, nipite nikiwa na nafasi. Nilipita na lori zima. Kupaki ilikuwa shida.

---

Mzee wa Kaunta

Mjukuu ameniuliza kama ninao wa kwangu. Ninao. Nilipostaafu niliomba mmoja uliokuwa umetoboka nikapewa. Una jina la zamani lililopigwa mstari, na herufi zetu juu yake. Upo jikoni, mama ametia mbegu za maharage.

---

Dereva wa I-80

MZEE. Jina mbili kwenye mfuko mmoja?? Naomba picha. Naomba tuongee. Taja bei yoyote mzee wangu, nauli ya kuja Moshi nikiwa likizo Desemba iko tayari.

---

Mzee wa Kaunta

Nimemwambia mama. Anauliza mbegu atazihamishia wapi.

---

Dereva wa I-80

Nitamletea mifuko mitatu ya Iowa, haijatoboka.

---

Mzee wa Kaunta

Anasema ya Iowa haijui maharage. Njoo Desemba ule kwanza, halafu uombe mwenyewe. Mimi nimeshashindwa.